Je, Wajua? Masasi ilianzishwa na msafara uliokusudia kufika mbali zaidi

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule mtaalamu wa sarufi ya Kiswahili, alitoka Lindi kwa miguu akiongoza zaidi ya watu 50 waliokombolewa utumwani na kutunzwa Mbweni, Unguja. Lengo lilikuwa Ziwa Nyasa. Baada ya kutembea zaidi ya kilomita 100 walifika kwenye vilima vya mawe vya Masasi, wakaona maji na ardhi nzuri, wakakataa kuendelea. Steere hakubishana nao. Alifanya vyema, maana miguu ilikuwa yao.

Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi, na misheni iliyoanzishwa hapo na Steere ikahamia Newala, kwa chifu Matola. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule naye alipita Masasi hadi Newala na wapagazi wake, akibeba fonografu ya kurekodi nyimbo.

Ukienda leo na kundi la wikendi, jaza chupa kabla ya kupanda Newala: uwanda wa juu wa Makonde, ulipo mji huo, una mchanga unaofyonza mvua, na zamani wanawake walishuka bondeni kuteka maji. Pale Newala, Shimo la Mungu ni genge refu linalotazama bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji.