Je, Wajua? Balozi wa miaka 22

Je, wajua kuwa Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar, aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22 tu? Katika umri ambao wengi bado wanahangaika na mitihani, yeye alikuwa balozi mjini Cairo. Kisha akapelekwa India na China, na mwaka 1970 akatua New York kuiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 1979 akachaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu la umoja huo. Aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1981, kura ya turufu ya Marekani ikamkwamisha. Hakukata tamaa: alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania 1984–1985, kisha akaongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu 1989 hadi 2001.