Bonde la Ruzizi: unashuka na koti, unafika na jasho

Anayeondoka Bukavu alfajiri kwenda Uvira huvaa koti. Kabla ya kufika Kamanyola amekwisha kulivua. Akifika Sange saa sita mchana anatafuta kivuli cha mwembe, na mwenye pikipiki anayempeleka amefunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Barabara nzima, kutoka ziwa moja hadi lingine, haizidi sana kilometa 120. Lakini hali ya hewa inabadilika kana kwamba mtu amevuka nchi mbili.

Chanzo cha mabadiliko hayo ni mwinuko. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, kwenye kimo cha karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, unaingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Ni mteremko wa karibu mita 700. Kwa kawaida, kila mita 100 mtu anaposhuka, joto linaongezeka kwa zaidi ya nusu ya digrii. Ndiyo maana Bukavu inaishi na wastani wa digrii 19 au 20 mwaka mzima, na kule chini Uvira wastani unakaribia 24 au 25, na mchana wa mwezi wa tisa unapita 30 bila shida.

Ila mto haushuki kwa utaratibu. Sehemu kubwa ya mteremko iko kwenye kilometa za kwanza, kati ya Bukavu na Kamanyola, ambapo maji yamekata korongo jembamba kati ya milima ya Kongo na ya Rwanda. Hapo ndipo yalipo mabwawa ya umeme. Ruzizi ya kwanza, pale Mururu, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi ya pili ilianza kazi mwaka wa 1989, nayo ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya tatu, inayotarajiwa kutoa megawati zipatazo 206, imezungumzwa kwa miaka mingi hata watoto waliosikia habari zake shuleni sasa ni wazazi. Mashine za bwawa la kwanza zina adui ambaye hakuwepo siku zilipofungwa: chupa na mifuko ya plastiki kutoka Bukavu. Kila mvua kubwa inasukuma takataka za mitaa ya mji hadi ziwani, ziwa linazipeleka kwenye mdomo wa mto, na mji unakosa umeme kwa sababu ya takataka zake wenyewe.

Barabara ya kitaifa nambari 5 nayo inalipa gharama ya mteremko huo. Kwenye Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, njia imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo na mawe, upande mwingine bonde. Wakati wa mvua madereva wa malori wanaiogopa, na kwa miaka mingi wasafiri wengi wenye uwezo wamependelea kupitia Rwanda, kuvuka mpaka pale Ruzizi, kuteremka hadi Bugarama na kurudi Kongo pale Kamanyola. Lakini kwa macho, Ngomo haina mpinzani. Kwenye kona za mwisho mlima unafunguka ghafla na uwanda wote unaonekana chini: mto ukijipindapinda, mashamba ya mpunga kama vipande vya kioo, na kwa siku isiyo na ukungu, milima ya Burundi upande wa mashariki na ya Mitumba upande wa magharibi, ikisimama kama kuta mbili.

Kuta hizo si mfano tu. Bonde la Ruzizi ni sehemu ya ufa mkubwa wa Afrika, tawi lake la magharibi, ambapo ardhi imepasuka na kipande cha katikati kimezama. Ardhi bado inasogea. Wakaaji wa Bukavu wanakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Mto wenyewe ni kijana, kwa hesabu za miamba. Zamani maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikafunga njia hiyo, ziwa likajaa, na miaka kama elfu kumi iliyopita likamwagika kusini. Ruzizi ilizaliwa hivyo: ni maji yaliyokosa mlango, yakatoboa dirisha.

Wazungu walichelewa kuelewa hata mto unaelekea wapi. Burton na Speke walifika Uvira mwaka wa 1858 bila kuuona mdomo wake, ingawa wenyeji waliwaambia kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Ilibidi Livingstone na Stanley wapige makasia hadi kaskazini mwa Tanganyika mwezi wa Novemba 1871 ili kuthibitisha kile ambacho kila mvuvi wa hapo alikijua.

Kamanyola ndiyo mlango wa uwanda. Karibu na hapo, pale mto Luhwa unapoingia Ruzizi, nchi tatu zinakutana. Jina la mji huu mdogo lilisafiri mbali kuliko ukubwa wake: vita vya 1964 vilimfanya Mobutu alipe jina hilo kikosi cha jeshi lake, kisha uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ule ambao leo unaitwa Stade des Martyrs. Siku hizi Kamanyola inajulikana zaidi kwa soko lake, na kwa joto la kwanza linalompiga msafiri usoni anaposhuka garini.

Kuanzia hapo hadi Uvira, kwa kilometa kama 80, nchi ni tambarare. Luvungi, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba: majina mengi ya vijiji ni majina ya mito midogo, na si bure. Mvua ya uwanda ni chache. Kwa kawaida haifikii milimita 1,000 kwa mwaka, huku milima iliyo juu yake, upande wa Lemera na Itombwe, ikipata zaidi ya 1,500. Mawingu hukwama milimani na kuacha mzigo wao huko; hewa inayoteremka bondeni inakuwa imekauka na kupata joto. Mkulima wa Sange anaweza kukaa mlangoni jioni ya mwezi wa kumi, akatazama radi zikipiga juu ya mlima wiki nzima, na shamba lake lisipate tone.

Kwa hiyo uwanda unaishi kwa maji ya watu wa juu. Mito inayoteremka kutoka Mitumba ndiyo inayojaza mifereji ya mpunga ya Kiringye na Luberizi, ndiyo inayonywesha ng'ombe, na katika vijiji vingi ndiyo inayochotwa kwa bidoni za lita ishirini. Majira ya mvua huanza mwezi wa tisa au wa kumi na kufika wa tano, na mapumziko mafupi karibu na mwezi wa kwanza ambayo kila mwaka yanawatia wakulima wasiwasi: yakirefuka wiki mbili zaidi, mahindi ya sezoni A yanakauka kabla ya kuzaa. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hakuna mvua ya kutegemea. Nyasi zinakuwa rangi ya majani makavu ya ndizi, moshi wa mashamba yanayochomwa unafunika milima, na wafugaji wengi wanapandisha ng'ombe kwenye milima ambako nyasi bado ni mbichi. Safari hiyo ya mifugo ni ya zamani. Imekuwa pia sababu ya ugomvi kati ya wafugaji na wakulima, kila ng'ombe wanapopita kwenye mihogo ambayo haijang'olewa.

Ubishi mwingine hausikiki mbali, lakini ni wa kila siku: ubishi wa mfereji. Wakati wa kiangazi, shamba lililo karibu na mdomo wa mfereji linapata maji, la mwisho linapata tope. Panapokuwa na kamati yenye nguvu, kila shamba linapewa siku yake. Pasipo na kamati, mtu anaamka usiku na jembe kwenda kufungua maji, na mwingine anaamka baada yake kuyafunga. Ukimuuliza mtu wa uwanda nini kinamkosesha usingizi, asiseme vita tu. Atasema pia maji.

Vita navyo vinapita njia ile ile ya maji, kutoka juu kwenda chini. Bukavu iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Februari 2025, na mwezi wa Desemba mwaka huo mapigano yakateremka kupitia Luvungi na Sange hadi Uvira. Maelfu ya familia zilivuka Ruzizi kwenda Burundi, zikiacha mpunga shambani. Msimu haungoji. Mbegu isiyopandwa mwezi wa tisa haipandwi kwa wakati wake tena mpaka mwaka ufuate.

Uwanda si mashamba tu. Pale ambapo jembe halijafika bado kuna miti ya miba, mifwifwi ya nyasi ndefu na ile mimea ya maziwa yenye mikono kama vinara vya taa. Kiliba ina mabaki ya mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha enzi za Wabelgiji, kilichosimama katika miaka ya 1990. Karibu na ziwa mto unagawanyika mara mbili. Ruzizi Ndogo, upande wa magharibi, inashika mpaka. Ruzizi Kubwa inaingia Burundi, katika hifadhi yenye viboko, mamba na mitende ya porini, kilometa chache tu kutoka Bujumbura. Viboko hawana pasi wala hawajui mpaka. Usiku wanatoka kula mpunga upande wowote ulio karibu.

Halafu ziwa. Mtu aliyekunywa vumbi tangu Luvungi anafika Uvira na kuona maji ya bluu yasiyo na mwisho, upepo ukitoka ziwani mchana na kugeuka usiku kutoka milimani. Wavuvi wa ndagala wanafuata mabadiliko hayo kwenda kuvua na kurudi. Na hapa kuna jambo ambalo walaji wa Bukavu hawalifikirii sana: sambaza wanaokaangwa Nguba na Kadutu ni jamaa wa samaki hawa hawa. Samaki hawawezi kupanda korongo la Ruzizi. Waliletwa na watu kutoka Tanganyika hadi Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Uvira ni mji mwembamba. Mlima uko nyuma yake, ziwa mbele yake, na nyumba zimebanwa katikati. Mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inashuka kutoka mlimani, inakata mji na kuingia ziwani. Mwaka mwingi ni vijito ambavyo watoto huvuka kwa miguu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua iliyonyesha milimani iliteremsha Mulongwe na mawe makubwa kama magari. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, madaraja na mabomba ya maji yalikatika. Katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa, kukosa bomba la maji ni hatari ya pili inayofuata nyuma ya ile ya kwanza.

Wakati huo huo ziwa lenyewe lilikuwa linapanda. Kati ya 2020 na 2021, na tena mwaka wa 2024, Tanganyika ilivuka kingo zake: mitaa ya ufukweni mwa Uvira ikaingia majini, bandari ya Kalundu ikapata hasara, na Gatumba upande wa Burundi ikazama mara kadhaa. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na mlango huo ni mwembamba. Maji mengi yakiingia kwa misimu kadhaa mfululizo hayana haraka ya kutoka. Pamoja na maji huingia udongo. Miteremko iliyo juu ya uwanda imekatwa miti kwa ajili ya makala na mashamba, na mvua inapoanguka kwenye mlima ulio uchi hakuna kitu cha kuishika. Rangi ya Ruzizi mwezi wa nne, nyekundu kama tofali bichi, ni ardhi ya milimani inayosafiri kwenda ziwani.

Watu wa Uvira wanaojenga upya wengi wamerudi pale pale. Viwanja vya juu ni mteremko mkali, vya mbali viko kwenye njia ya bunduki, na anayeuza samaki hawezi kukaa mbali na ziwa. Kando ya Mulongwe, mawe yaliyoletwa na mafuriko ya 2020 yamevunjwa kokoto kwa nyundo, yakauzwa kwa waliokuwa wanajenga, na sehemu yake sasa iko ndani ya misingi ya nyumba mpya za ukingoni.