Mlima Elgon Haupandwi na Mtu Peke Yake

Mtu akisimama Mabanga asubuhi ya anga safi, akatazama kaskazini, huuona Mlima Elgon, mpana na wenye mgongo mrefu. Wabukusu huuita Masaba. Mlima huu ulikuwa wa moto zamani za kale, nao umezimika. Katikati yake limebaki shimo kubwa lenye upana wa kilomita 8 hivi. Mpaka wa Kenya na Uganda hupita juu yake. Kilele kirefu kupita vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Upande wa Kenya, wasafiri wengi hupanda Koitobos, chenye mita 4,222.

Safari ya Koitobos yaweza kumalizika kwa siku moja. Kutoka Kitale watu huingia katika hifadhi ya taifa, iliyotengwa mwaka 1968, nao hupanda kwa gari kupita msitu wa miti mikubwa na vichaka vya mianzi, mpaka karibu mita 3,500. Toka hapo ni miguu tu. Msitu huisha, na mbele huonekana uwanda wazi wa nyasi ngumu, tope na mawe. Huko huota mimea ya ajabu, yenye shina nene na majani makubwa yaliyokusanyika kileleni kama kabichi. Usiku majani hayo hujikunja ili kukinga chipukizi na baridi, na yale yaliyokauka hubaki yameuzunguka shina mfano wa blanketi.

Binadamu naye hana budi kujikinga. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Kwa hiyo Koitobos hupungukiwa joto kuliko Kitale kwa digrii zipatazo 14. Mawingu na mvua huja upesi, hasa baada ya adhuhuri. Yafaa kuchukua sweta, koti la mvua, viatu imara, maji na chakula, na kuanza safari alfajiri. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi.

Lakini hatari kubwa haionekani kwa macho, nayo ni wepesi wa hewa. Juu ya kilele mtu avutapo pumzi hupata karibu sehemu 6 tu katika 10 za hewa aipatayo aliye pwani. Basi wengine huumwa kichwa na kutapika. Ugonjwa ukizidi, mtu hupepesuka na kusema maneno yasiyo na maana kama mlevi. Dawa yake ya kwanza ni kushuka mara moja. Kupumzika palepale kisha kuendelea kupanda kumeua watu katika milima mingi ya dunia.

Hapo ndipo faida ya rafiki. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hajijui. Husema kuwa yu mzima, na kwamba kilele ki karibu. Aliye naye ndiye awezaye kuona kuwa hatua zake zimepotoka. Kwa sababu hiyo wenzi wawili na wapatane kabla ya kuanza: mmoja akisema, "Turudi," wote wawili watarudi pasipo ubishi wala lawama. Na wapange saa ya kugeuka, kwa mfano saa saba mchana, hata kama kilele hakijafikiwa, maana ukungu ukishuka njia ya mawe hupotea. Ni vema pia kuwaarifu askari wa hifadhi njia watakayoifuata.

Tena, asiwepo atakayewasha moto ovyo katika nyasi zile kavu. Mlima huu huulisha mto Nzoia uendao Ziwa Victoria, na mto Suam, ambao huitwa Turkwel mbele yake, uendao Ziwa Turkana. Moto wa mpandaji mmoja huharibu maji ya watu wengi walio chini.