Je, Wajua? Vilima vya Kasulu na Kibondo: Mteremko Ndio Unaouma

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Ujiji kwenda Kasulu unapanda karibu nusu kilomita zaidi kwenda juu? Mkimbiaji wa ufukweni Dar es Salaam akikimbia Kasulu alfajiri ya kwanza ataona mwendo umepungua na kuanza kuishuku saa yake. Saa haina kosa.

Je, wajua kwamba mwinuko wa asilimia 10 ni kupanda mita 10 kwa kila mita 100? Kilomita moja ya namna hiyo ni kama kupanda jengo la ghorofa 30.

Je, wajua kwamba mteremko haurudishi chote ulichonyang'anywa na mlima? Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake walipima: kukimbia kwenye mwinuko wa asilimia 20 hula nguvu takriban mara mbili na nusu ya tambarare, na kuushuka hula nusu tu. Piga hesabu ya kwenda na kurudi, bado unadaiwa. Kwa hiyo zile dakika sita zako kwa kilomita ziache nyumbani. Kipimo cha huku ni salamu: ukimsalimia mama anayekwenda shamba na ukaimaliza bila kuhema, mwendo wako ni mzuri. (Salamu za Waha, wenyeji wa huku, si za neno moja, kwa hiyo mtihani ni wa haki.)

Je, wajua kwamba kutembea si aibu? Mlima ukisimama sana, hatua fupi za kutembea hula nguvu kidogo kuliko kukimbia. Wenye baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi hawakusubiri maabara iwaambie. Wakifika mlimani hushuka, wakasukuma.

Je, wajua nani hasa anayekuumiza? Wageni humlaumu mlima, nao wanamwonea. Unapopanda, unachoka mapafu; ukipumzika, yamekwisha. Unaposhuka, misuli ya mapaja hujikaza huku ikivutwa irefuke, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Siku hiyo husikii kitu. Kesho yake, au keshokutwa, unashuka ngazi umeshika ukuta. Nafuu ipo: misuli ina kumbukumbu, na mteremko mmoja wa wastani huikinga kwa wiki kadhaa. Basi wiki ya kwanza shuka kidogo, kwa hatua fupi za harakaharaka, magoti yamelegea. Ukijirudisha nyuma na kukanyagia kisigino, unafunga breki kwa mifupa.

Je, wajua kwamba njia ya Boston Marathon huishia zaidi ya mita 130 chini ya pale ilipoanzia, na vilima vyake huja miguu ikiwa imeshapigwa na miteremko? Mkimbiaji wetu Juma Ikangaa alikuwa wa pili huko mwaka 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi kwa sekunde moja tu! Novemba 1989 Ikangaa alishinda New York kwa saa 2:08:01.

Je, wajua kwamba Francine Niyonsaba, mshindi wa medali ya fedha ya mita 800 Rio 2016, ni mzaliwa wa Ruyigi, Burundi, ng'ambo tu ya mpaka? Vilima ni vilevile.

Je, wajua kwamba mvua za huku huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei? Udongo mwekundu ukilowa, raba moja huwa na uzito wa mbili. Kiangazi ni zamu ya vumbi la malori.

Popote utakapokimbia, shika upande wa kulia uyaone magari yanayokujia. Na kwenye mteremko geuka nyuma mara kwa mara: kuna bodaboda hushuka zimezimwa injini ili kuokoa mafuta, na hizo hazina mlio.