Ziwa la Washonaji Nguo

Mwaka 1919 washonaji nguo wa New York, wengi wao wasichana wahamiaji, walinunua kupitia tawi la chama chao hoteli ya matajiri kando ya ziwa, katika milima ya Pocono, Pennsylvania. Wakaiita Unity House, yaani Nyumba ya Umoja. Mwanachama alilipa bei nafuu. Kiangazi, aliyeinamia cherehani mwaka mzima aliogelea, akapiga makasia, akalala mchana. Msimamizi wa kumfokea hayupo! Miaka ikapita, waliokwenda wakiwa wasichana wakarudi na mabinti na wajukuu. Jengo kuu liliungua mwaka 1969, chama kikajenga jingine. Lakini kazi zilipohamia kwenye ujira mdogo zaidi, wanachama wakapungua, na nyumba ikafungwa.