Kutoka Tiwi hadi Mississippi: Njia ya vikapu inayotazamwa kutoka Kulesa

SAA kumi za alfajiri, wakati wavuvi wa Mto Tana wanasukuma mitumbwi yao majini na akina mama wa Kulesa wanachochea moto wa chai, kule Starkville katika jimbo la Mississippi, Marekani, huwa ndiyo kwanza saa moja ya usiku wa jana. Ni saa ambayo refa hurusha mpira juu katikati ya uwanja na mechi ya vikapu vya mabanati wa chuo ikaanza. Anayetaka kuifuata mechi hiyo kutoka ukingo wa Tana hana budi kuamka kabla ya jogoo, simu iwe na moto na mtandao uwe na huruma.

Lakini kwa nini mtu wa Kulesa, aliyezoea habari za mpunga, maembe na maji ya mto kupanda na kushuka, ajisumbue na mchezo wa wanafunzi wa kike wa Mississippi? Jibu ni jina moja: Madina Okot.

Mwanadada huyu ni mzaliwa wa Mumias, kwenye mashamba ya miwa, lakini sisi watu wa Pwani tuna haki ya kujigamba naye kidogo. Alisoma katika shule ya sekondari ya Kaya Tiwi, Kaunti ya Kwale, shule ambayo timu yake ya vikapu ya wasichana imekuwa ikiwatoa jasho wapinzani kutoka Buruburu, Tigoi na Butere katika michezo ya kitaifa. Ana urefu wa futi sita na inchi sita, yaani karibu mita mbili kamili. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa voliboli. Mpira wa vikapu aliushika mwaka wa 2020 tu, umri ambao wasichana wengi wa Marekani huwa wameshaucheza kwa miaka kumi.

Kutoka shule alijiunga na Chuo Kikuu cha Zetech na kuichezea timu yake, Zetech Sparks, katika ligi kuu ya Kenya. Mwaka wa 2024 akapanda ndege kwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi. Hapo ndipo alipoingia katika kitu ambacho Wamarekani hukiita konferensi, na ambacho ni vyema nikieleze kabla ya kuendelea.

Ligi ndani ya ligi

Vyuo vya Marekani vyenye timu za daraja la kwanza la vikapu vya wanawake ni zaidi ya 350. Haiwezekani vyote vikutane. Kwa hivyo vimejigawa katika makundi, na kila kundi ndilo konferensi. Msomaji aliyewahi kufuata michezo ya shule zetu ataelewa haraka: sisi tunaanza na zoni, tunaenda kaunti ndogo, kaunti, kisha mkoa, ndipo taifa. Tofauti ni kwamba wenzetu hawatolewi kwa kushindwa mechi moja ya zoni. Wanachezeana wao kwa wao wiki baada ya wiki, kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, nyumbani na ugenini, na kila mechi inahesabiwa.

Konferensi aliyoangukia Madina ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Huitwa SEC, iliundwa mwaka wa 1932 na vyuo vya majimbo ya kusini, na tangu Julai 2024, Texas na Oklahoma walipojiunga, ina vyuo 16. Hapa ndipo marehemu Pat Summitt alipoiongoza Tennessee kunyakua mataji manane ya taifa. Hapa ndipo Dawn Staley ameifanya South Carolina kuwa simba wa nyika, akitwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 2017, 2022 na 2024, na huo wa mwisho bila kupoteza hata mechi moja kati ya 38. Fainali hiyo ya 2024, South Carolina dhidi ya Iowa ya Caitlin Clark, ilitazamwa kwenye runinga na watu karibu milioni 19. Ile ya wanaume mwaka huo huo ilipata wapatao milioni 15. Wale wanaosema michezo ya wanawake haina watazamaji watafute neno jingine.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mpaka mwaka wa 1972 vyuo vya huko vilitumia pesa za michezo kwa wavulana, na wasichana wakaachiwa makombo. Mwaka huo bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali. Miaka kumi baadaye, 1982, mashindano ya kwanza ya kitaifa ya wanawake chini ya chama cha NCAA yakachezwa. Ufadhili uliomtoa Madina Kenya ulianzia katika karatasi za sheria hiyo.

Msimu wa patashika

Turudi kwenye msimu wenyewe wa 2024-25. Mississippi State, chini ya kocha Sam Purcell, haikuwa miongoni mwa timu zilizopewa nafasi ya taji. Ilimaliza ratiba ya konferensi kwa kushinda mechi saba na kupoteza tisa. Kwa macho ya haraka hayo ni matokeo ya kuinamisha kichwa. Lakini katika kundi hilo, timu inayoshinda saba huwa imewaangusha vigogo kadhaa njiani. Na ndani ya timu hiyo Mkenya wetu, katika mwaka wake wa kwanza ugenini, alikuwa na wastani wa zaidi ya alama 11 na ribaundi zaidi ya tisa kwa kila mechi. Kwa asiyejua, ribaundi ni ule mpira unaogonga ubao au pete na kurudi, halafu wenye mabavu wakaugombania kama samaki mmoja kwa paka kumi. Kuunasa mara tisa kwa mechi, kati ya mabanati waliolelewa na mchezo huo, si jambo la bahati.

Huko juu ya jedwali kulikuwa na kivumbi kingine. South Carolina na Texas walimaliza sare, kila mmoja ameshinda mechi 15 na kupoteza moja. Walikuwa wamekutana mara mbili: South Carolina ilishinda Januari, Texas ikalipiza Februari kwa alama 66 kwa 62. Sasa nani aingie katika mashindano ya mwisho wa msimu akiwa wa kwanza? Msomaji, usicheke: walirusha sarafu. Vyuo vyenye bajeti za mamilioni ya dola vikaamuliwa kama watoto wanaogawana pande za uwanja. South Carolina ikapata upande wake, na Machi 9, 2025, mjini Greenville, ikaikung'uta Texas 64-45 na kubeba kombe la konferensi.

Mississippi State nayo ilipata tiketi ya mashindano ya taifa, ambayo huwa na timu 68. Kule Los Angeles iliilaza California 59-46 katika mechi ya kwanza. Mechi ya pili ilichezwa kwetu ikiwa alfajiri ya Machi 25. Waliokesha waliona mambo mawili: nyota wa wenyeji wa USC, JuJu Watkins, akitolewa uwanjani mapema baada ya kuumia goti vibaya, na wenzake wakigeuza uchungu kuwa hasira na kuicharaza Mississippi State 96-59. Safari ya Madina mwaka huo ikaishia hapo. South Carolina yenyewe ilifika fainali Aprili 6 na kutandikwa na UConn 82-59.

Majuma machache baadaye, Madina alitangaza kuhamia South Carolina. Kanuni za siku hizi zinamruhusu mchezaji kuhama chuo bila kukaa mwaka mzima nje ya uwanja, na makocha huwinda walio bora kila Aprili. Msimu wa 2025-26, Chloe Kitts alipoumia goti kabla ya mechi kuanza na Ashlyn Watkins akaamua kupumzika, Mkenya ndiye aliyekabidhiwa eneo la katikati, chini ya pete, katika timu ambayo wasichana wa nchi nzima huota kuivalia jezi.

Si yeye pekee. Kabla yake Felmas Koranga alichezea Chuo Kikuu cha Troy, Alabama, katika konferensi ya Sun Belt, na mwaka wa 2021 akawa tegemeo la Kenya katika AfroBasket ya wanawake mjini Yaoundé. Jirani zetu wa Uganda wana Jane Asinde, aliyepitia chuo cha Texas kilichoko El Paso. Na hapa niongeze jambo ambalo watu wa Tana wanalijua ila wengine husahau: timu ya taifa ya Kenya inaposimama kabla ya mechi, lahani inayopigwa ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Mto Tana umo uwanjani tayari, hata kabla ya kutoa mchezaji.

Udongo na mto

Atatoka lini? Kutoka Kulesa hadi Tiwi ni safari ya kupita Garsen, Malindi, Mombasa na feri ya Likoni, zaidi ya kilomita 250. Hata hivyo umbali si kikwazo cha kwanza. Kikwazo cha kwanza ni udongo. Mpira wa vikapu lazima udundwe, na mpira haudundi juu ya mfinyanzi mweusi wa delta. Ukikauka una nyufa za kumeza kifundo cha mguu. Ukilowa ni utelezi. Ndiyo maana katika vijiji vya aina hii utaona voliboli na kandanda, michezo inayotosheka na nguzo mbili na kamba. Kwa maoni yangu hilo si la kusikitikia sana. Madina mwenyewe alianzia voliboli, na kuruka kwa ajili ya kuzuia mpira wavuni hakutofautiani sana na kuruka kwa ajili ya ribaundi.

Kikwazo cha pili ni mto wenyewe. Mafuriko ya El Nino ya 1997-98 yalibomoa kingo za mradi wa mpunga wa TARDA hapo jirani. Yalirudi 2018, kisha tena mwishoni mwa 2023 hadi Mei 2024, ambapo watu wa Tana Delta walihama na vyombo vyao na kufungua kwa shule nchini kote kukaahirishwa mpaka Mei 13. Michezo ya vikapu ya shule kwa miaka mingi imekuwa ya muhula wa kwanza. Timu ambayo wachezaji wake wanaishi kambini, na madaftari yao yamekwenda na maji, haiendi kukutana na Kaya Tiwi katika mashindano ya mkoa ikiwa na miguu mepesi.

Cha tatu ni sisi wazazi. Msichana mrefu nyumbani huonekana wa kutwika maji, au wa kuozwa mapema kabla hajazidi kurefuka. Kuna pia hofu ya haki: mtoto akienda mbali kwa ajili ya mpira, masomo yataharibika. Hapa kuna habari njema na ngumu pamoja. Vyuo vya Marekani haviangalii urefu peke yake. Matokeo ya KCSE hukaguliwa, cheti kwa cheti, na anayefeli darasani huko huzuiwa kucheza. Mwalimu wa hesabu ana kazi katika safari hii sawa na kocha.

Na pesa? Ufadhili kamili hulipa karo, chumba, chakula na vitabu. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kulipwa na makampuni kwa kutumia majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hubanwa na sheria za uhamiaji, ambazo hazimruhusu kufanya kazi ovyo. Binti wa Kenya na wa Carolina wanaweza kukimbia uwanja ule ule, jasho lile lile, mmoja akaondoka na hundi nene na mwingine akahitaji wakili kujua kama anaweza hata kupiga picha ya tangazo. Jambo hili halisemwi vya kutosha kwa wazazi.

Nafasi pia ni finyu. Timu moja huwa na wachezaji 15. Kwa sababu hiyo wametokea mawakala, na sifa ya Madina itawaongeza. Chuo kinachomtaka mchezaji kwa ufadhili kamili hakimtumi mtu Garsen kudai ada ya usajili. Ikiwa mmoja atabisha hodi Kulesa akiwa na karatasi zenye nembo za kung'aa, mzazi amwulize maswali haya kabla ya kumkaribisha chai: Barua ya kocha iko wapi, na simu ya ofisi yake ni ipi? Ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne? Mtoto akiumia goti, ataendelea kusoma? Na bibi yake akifariki katikati ya Januari, msimu ukiwa umepamba moto, ni nani atakayemlipia tiketi ya kuja kumzika?