Msitu asilia malishoni: Hesabu ya mkulima wa Soy

MKULIMA wa Soy, Kaunti ya Uasin Gishu, anayefikiria kuacha sehemu ya malisho yake irudi kuwa msitu asilia ili auze kaboni hana budi kupiga hesabu kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

Mti hukua kwa kufyonza hewa ya kaboni. Kila tani iliyofyonzwa na kuthibitishwa na wakaguzi hupewa hati, na hati hiyo hununuliwa na kampuni zinazotaka kufidia uchafuzi wao.

Sharti kuu ni kwamba msitu huo usingalikuwapo bila mradi. Anayefyeka miti ya asili leo ili aingie mradini kesho hukataliwa.

Si lazima kununua miche. Visiki na mizizi iliyo hai ardhini huchipuka vyenyewe, na ndege huleta mbegu za tebeswet na miti mingine, mradi tu mifugo izuiwe. Machipukizi dhaifu hupogolewa ili yaliyo imara yapate nafasi, nazo nyasi hukatwa na kupelekewa ng'ombe zizini.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Humbo, kusini mwa Ethiopia, kuanzia 2006. Wanavijiji waliojiunga katika vyama saba vya ushirika walifufua hekta 2,728 za milima iliyokuwa imechakazwa na mifugo na ukataji wa kuni. Mradi ulikadiriwa kufyonza tani 880,000 kwa miaka 30, yaani takriban tani nne kwa ekari kila mwaka.

Tuseme Soy ingefikia kiwango hicho, na tani iuzwe kwa dola 10, takriban Sh1,300. Ekari moja ingeleta Sh5,200 kwa mwaka, kabla ya gharama za usajili, upimaji na ukaguzi.

Kwa upande mwingine, ekari itoayo magunia 15 ya mahindi, kwa bei ya Sh4,000 iliyotangazwa na serikali mwaka wa 2023, huingiza Sh60,000 kabla ya kutoa gharama za mbegu, mbolea na vibarua.

Basi kaboni haifai kuchukua nafasi ya shamba lenye rutuba. Mahali pake ni miteremko yenye mawe, kingo za mito na malisho yaliyochakaa.

Kizingiti kingine ni ukubwa wa mashamba. Katika miaka ya sabini, ranchi ya ekari 18,000 huko Soy, iliyokuwa makao ya twiga wa Rothschild, iligawiwa walowezi wapya, na baadhi ya twiga wakahamishiwa Lang'ata na Nakuru. Mwenye ekari tano hawezi kugharimia ukaguzi peke yake. Ni lazima majirani waungane.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa 2023 inaitaka miradi ya ardhi ya umma na ya jamii iwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika, ambayo hutengewa angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama.

Mwenye hatimiliki yake binafsi, kama walivyo wakulima wengi wa Soy, hawezi kuegemea kifungu hicho. Kinga yake ni mkataba wenyewe.

Kwa hivyo aulize mapema: Fungu lake ni kiasi gani? Moto ukiteketeza miti, hasara ni ya nani? Na shamba likigawanywa miongoni mwa warithi kabla ya miaka 30 kwisha, nani atafungwa na sahihi ya mzazi?